Sura ya 4: Dakika Tatu za Siti

Wimbo wa taarab unaoimbwa robo saa nzima ukumbini hufikaje kwenye santuri ukawa wa dakika tatu? Na mtu akiwa na rekodi mbili za wimbo mmoja, za msanii yuleyule, nazo hazifanani, ipi aiite wimbo wenyewe? Maswali haya huulizwa na wasikilizaji wa kawaida kabisa: bibi wa Mikindani aliyezoea taarab ya harusini, kijana wa Kitaya aliyejaziwa nyimbo za zamani kwenye kadi ya simu, dereva wa lori la korosho ambaye redio ndiyo msaidizi wake wa safari. Kuyajibu kunataka kwanza kujua mashine ilifanya nini, kisha msanii alifanya nini mbele ya mashine hiyo.

Msanii mkuu, kama neno linavyotumika katika sura hii, ni yule ambaye wapigaji wengine humfuata: mwimbaji anayebeba wimbo, au mpiga udi, kanuni au fidla anayeachiwa nafasi apige peke yake. Muziki wa kiklasiki ni ule unaorithishwa na mwalimu kwa mwanafunzi, wenye kanuni zinazojulikana na tungo zinazohifadhiwa na kupigwa tena vizazi na vizazi. Taarab asilia inaingia humo bila kusukumwa. Sultani Barghash wa Unguja alimpeleka Mohamed Ibrahim Misri akajifunze kupiga kanuni, yaani kile kinanda bapa cha nyuzi nyingi kinachopakatwa mapajani. Mwaka 1905 ikaundwa Ikhwani Safaa, klabu iliyopo mpaka leo. Mizani za sauti za taarab, zinazoitwa maqamu, ni zile za muziki wa Kiarabu, na mpigaji hufundishwa miaka mingi kabla ya kuachiwa taksim, kile kipande cha mpigaji mmoja anayebuni papo hapo huku wenzake wakinyamaza.

Kabla ya maikrofoni

Rekodi za mwanzo hazikutumia umeme. Mwimbaji alisimama mbele ya pembe kubwa ya bati, sauti yake ikatikisa utando, utando ukaisukuma sindano, sindano ikachora mfereji kwenye nta. Hapakuwa na kitufe cha kuongeza wala kupunguza. Sauti ilipopanda, mwimbaji alirudi nyuma au alisukumwa arudi. Iliposhuka, aliingiza kichwa karibu na mdomo wa pembe. Fidla ilisikika kwa tabu mno hata ikatengenezwa fidla maalumu yenye pembe yake ya chuma badala ya kifua cha mbao. Kwa hiyo waliong'ara kwenye santuri za zama hizo ni wenye vifua vipana. Mwitalia Enrico Caruso aliimba nyimbo 10 mchana mmoja wa Aprili 1902 jijini Milan, na santuri hizo ndizo zilizomtangaza duniani.

Mwaka 1925 maikrofoni ikachukua nafasi ya pembe. Maikrofoni hugeuza mtetemo wa sauti kuwa umeme, na umeme huo unaweza kukuzwa. Hapo mwimbaji wa sauti laini, au mpiga udi anayegusa nyuzi kwa ncha ya unyoya, akapata nafasi ambayo pembe ilimnyima. Lau santuri za kwanza za kibiashara za taarab ya Kiswahili zingechorwa kwa pembe, sauti iliyotufikia ingekuwa nyingine.

Safari ya Bombay

Siti binti Saad alizaliwa Fumba, Unguja, karibu mwaka 1880. Alikuwa mfinyanzi na muuza vyungu, akahamia mjini mwaka 1911, akafundishwa kuimba. Machi 1928 yeye na kundi lake, wakiwemo Maalim Shaaban, Mbaruku, Subeti bin Ambar na Budda bin Swedi, walivuka bahari hadi Bombay kurekodi kwa kampuni ya HMV, ile yenye picha ya mbwa anayesikiliza gramafoni. Siti huhesabiwa kuwa mwimbaji wa kwanza wa Afrika Mashariki kuingia kwenye santuri za biashara. Kampuni za Columbia na Odeon nazo zikafuata, kwa sababu HMV ilikuwa imethibitisha kuwa Waswahili watanunua.

Santuri ya wakati huo ilizunguka mara 78 kwa dakika. Ile ya inchi 10 ilibeba dakika tatu na ushei upande mmoja. Ya inchi 12 ilifika nne hivi. Mfereji ulipoisha, umeisha. Mafundi walichora kwenye sahani laini ya nta, na sahani hiyo haikuwezekana kukatwa na kuungwa: mtu akikosea ubeti wa mwisho, wote wanaanza upya kwenye nta mpya.

Taarab haikuzoea mwendo huo. Ukumbini kundi hufungua kwa bashrafu, yaani kipande cha ala tupu kinachowatayarisha wasikilizaji. Mpiga udi au kanuni huweza kupewa taksim. Mwimbaji huimba ubeti, ala hujibu, ubeti hurudiwa, na ukimgusa mtu huyo huinuka na kwenda kumtunza mwimbaji kwa pesa, ubeti ukarudiwa tena kwa ajili yake. Beti nazo hazikuwa chache, hasa katika wimbo wa kisa. Mmoja wa nyimbo za Siti zinazojulikana zaidi, Kijiti, unasimulia mauaji ya mwanamke na kesi iliyofuata. Kisa cha namna hiyo hakiishi kwa beti mbili.

Mbele ya nta ya Bombay yote hayo yalibidi yapimwe. Cha kwanza kuondoka kilikuwa bashrafu. Taksim ikabaki mguso wa sekunde chache, pengine haikubaki kabisa. Majibu ya ala kati ya ubeti na ubeti yakafupishwa, na marudio ya kutunza hayakuwa na kazi kwa kuwa hapakuwa na wa kutunza. Wimbo mrefu uliweza kugawanywa, nusu upande huu na nusu upande wa pili, msikilizaji akaachwa katikati ya kisa mpaka ainue sindano na kuigeuza santuri. Kilichobaki ni mwimbaji na maneno yake. Ndiyo maana anayemjua Siti kwa santuri peke yake humdhania mwimbaji wa haraka, asiyepoteza muda.

Hasara ilikuja na faida. Wimbo wa dakika tatu ulifaa mkahawa, ambako watu walikaa na kahawa zao na santuri ikapigwa tena na tena kwa wateja wapya. Beti zilihifadhika midomoni. Mtu ambaye hakuwahi kuukaribia ukumbi wa taarab wa Unguja alijua wimbo mzima, akauimba kwa mahadhi yaleyale, hata kwa pumzi zilezile za Siti.

*Kwa ufupi hadi hapa:* santuri ya 78 ilipima wimbo kwa dakika tatu, maikrofoni ikaruhusu sauti laini, na soko la mikahawa likapenda wimbo ulioanza moja kwa moja na maneno. Sura ya taarab inayoitwa ya zamani ilichongwa na mambo hayo matatu kwa kiasi kikubwa kuliko wapenzi wake wanavyokubali.

Nani amesogezwa mbele

Ukumbini sikio humfuata mtu litakaye. Kwenye rekodi, fundi ameshachagua. Hugh Tracey, aliyerekodi muziki katika nchi nyingi za Afrika na kuanzisha maktaba yake ya muziki Afrika Kusini mwaka 1954, alipita Tanganyika mwaka 1950. Tofauti na mafundi wa studio, aliishika maikrofoni mkononi na kuisogeza wakati muziki unaendelea: kwa mwimbaji anapoanzisha, kwa waitikiaji wanapoitikia, kwa mpiga zeze anapopata nafasi yake. Aliwaashiria pia wapigaji dakika zilipokuwa zinayoyoma ili wafunge vizuri. Anayesikia rekodi zake akastaajabu jinsi ngoma za Kiafrika zilivyokuwa fupi na zenye mwisho safi, anasikia mkono wa Tracey.

Jambo hilihili hutokea leo kwenye simu, bila mtu kulikusudia. Katika ngoma za Wamakonde, mwimbaji mmoja huanzisha na kundi huitikia, ngoma kadhaa zikiwa chini yao. Simu ina mtambo mdogo unaojipunguza wenyewe pale kelele inapozidi. Kila ngoma kubwa inapopigwa, simu hupunguza kila kitu, na sauti ya mwanzishi huzama kisha huibuka, huzama kisha huibuka. Aliyekuwepo uwanjani hakusikia hivyo hata kidogo. Tamasha la MaKuYa la Mtwara, linalokusanya sanaa za Wamakonde, Wamakua na Wayao, hurekodiwa kwa simu nyingi, na video nyingi za namna hiyo zina ngoma safi na mwimbaji asiyesikika. Tiba yake ni ya Tracey: kumsogelea mwimbaji, kusimama ubavuni mwake, na kuzipa ngoma mgongo.

Mfano wa studio ni Hukwe Zawose, Mgogo wa Dodoma aliyefundisha Chuo cha Sanaa Bagamoyo na kufariki mwaka 2003. Alipiga ilimba, kisanduku chenye vyuma vinavyopigwa kwa vidole gumba. Vyuma vingine kwenye ilimba kubwa havipigwi. Hutetema vyenyewe jirani zao wanapopigwa, na kuacha mvumo mwembamba chini ya wimbo. Uwanjani mvumo huo haumfiki aliyekaa mbali. Kwenye albamu yake ya Chibite ya mwaka 1996, iliyotolewa na kampuni ya Real World ya Uingereza, unasikika waziwazi, kama ambavyo mpigaji mwenyewe angeusikia kisanduku kikiwa kifuani pake. Hapa rekodi imempa msikilizaji kitu ambacho onyesho halimpi, na ni haki kuisifu kwa hilo.

Kaseti ya harusini

Kaseti ilizinduliwa na kampuni ya Philips mwaka 1963, na ilipoenea pwani ikavunja utawala wa dakika tatu. Upande mmoja uliweza kubeba dakika 30 au 45. Tena mtu hakuhitaji kiwanda wala safari ya Bombay. Redio-kaseti moja juu ya kiti ilitosha.

Mombasa ndiko mambo yalikonoga. Juma Bhalo, aliyependwa kwa nyimbo zenye mahadhi ya filamu za Kihindi, na Zein l'Abdin, bingwa wa udi mwenye asili ya Lamu, walisikika kwenye kaseti nyingi zilizorekodiwa harusini moja kwa moja. Mle kila kilichotupwa Bombay kilirudi. Udi hutafuta maqamu kabla ya wimbo kuanza, bila haraka. Ubeti hurudiwa mara ya tatu na ya nne kwa sababu kuna mtu ameinuka kutunza. Vigelegele hupasua maikrofoni, mtoto hulia, mtu huita jina la bibi harusi, na mwimbaji hujibu kwa kuurefusha ubeti.

Wapo wanaozidharau kaseti hizo kwa uchafu wa sauti. Wanakosea. Anayetaka kujua Zein l'Abdin alifanya nini kwa udi wake akiwa huru, asianzie kwenye albamu safi ya Mtindo wa Mombasa iliyotoka Uingereza mwaka 1990, ingawa nayo ni nzuri na kila uzi unasikika. Aanzie kwenye kaseti ya harusini, avumilie mvumo wa jenereta, kisha aende kwenye albamu. Ya kwanza itamwonyesha msanii akizungumza na watu. Ya pili itamwonyesha vidole.

Kaseti ilikuwa na ugonjwa wake mmoja ambao bado unasumbua rekodi za zamani zilizohamishiwa kwenye simu. Mota ya redio-kaseti ikiwa na betri zilizochoka huzunguka taratibu. Kaseti iliyonakiliwa kwa mwendo huo, ikija kupigwa kwenye mashine yenye nguvu kamili, hukimbia: mwimbaji anasikika kijana kuliko umri wake, sauti imepanda juu. Vijijini kusikokuwa na umeme, Kitaya ikiwemo kwa miaka mingi, betri zilianikwa juani zipate uhai kidogo, na nakala nyingi zilipigwa katika hali hiyo. Santuri nazo zina tatizo hilo: iliyorekodiwa kwa mizunguko 80 ikipigwa kwa 78 hushuka karibu nusu ya hatua ndogo kabisa ya kinanda. Sikio la kawaida haliwezi kushtuka, lakini anayetaka kupiga udi pamoja na rekodi hiyo ataona nyuzi zake hazikubaliani nayo popote.

Msanii mmoja, rekodi mbili

Swali la pili la mwanzo, la ipi ndiyo yenyewe, lina mfano maarufu nje ya Afrika. Glenn Gould, mpiga piano wa Kanada, alirekodi tungo za Goldberg za Johann Sebastian Bach mwaka 1955 akiwa na umri wa miaka 22. Zilichukua dakika 38 hivi. Mwaka 1981, mwaka mmoja kabla ya kufariki, alizirekodi tena, zikachukua dakika 51. Sehemu ya tofauti hiyo ni vipande alivyovirudia mara ya pili. Sehemu kubwa ni mwendo wenyewe, hasa kile kipande cha kwanza, ambacho alikipiga taratibu kana kwamba anakisoma kwa mara ya kwanza. Gould aliacha maonyesho ya hadhara mwaka 1964. Aliamini studio ni mahali pazuri zaidi pa muziki, kwa sababu ukanda wa sumaku, tofauti na nta, unakatika na kuungwa: mpigaji huchagua nusu ya kwanza ya leo na nusu ya pili ya jana.

Pwani ya Waswahili ina mfano wake, nao una uzito zaidi kwa sababu unahusu sauti ya binadamu. Fatuma binti Baraka, Bi Kidude, alizipata nyimbo za Siti kwa kusikiliza tangu utotoni. Muhogo wa Jang'ombe, mmojawapo, aliuimba na kuurekodi mara kadhaa, na makundi tofauti. Lakini rekodi zake zinazojulikana karibu zote ni za uzeeni, kuanzia miaka ya 1980 hadi karibu na kifo chake Aprili 2013. Sauti ile nzito yenye mikwaruzo, ambayo wengi huidhania ndiyo sauti yake ya siku zote, ni sauti ya mwanamke aliyekwisha kuimba miongo mingi. Sauti ya Bi Kidude wa miaka 25 haiko kwa msikilizaji wa leo. Siti, kwa upande wake, alikaribia miaka 50 alipofika Bombay. Tunamjua katika utu uzima wake, wala si binti wa Fumba aliyenadi vyungu njiani.

Kwa hiyo kila rekodi ya msanii mkuu ina tarehe ndani yake, hata kama haikuandikwa. Msikilizaji anayekutana na rekodi mbili zinazogombana huweza kujisaidia kwa kujiuliza:

- Chombo cha kwanza kilikuwa nini: santuri, ukanda wa redio, kaseti au kompyuta? Urefu wa wimbo hueleza mengi.
- Kulikuwa na watu? Makofi na vigelegele humbadilisha mwimbaji.
- Msanii alikuwa na umri gani?
- Nani alilipa, na alimlenga mnunuzi wa wapi?

Swali la mwisho lisipuuzwe. Albamu za taarab zilizotolewa na kampuni ya GlobeStyle ya Uingereza kuanzia mwaka 1988, zikiwemo za Ikhwani Safaa na Culture Musical Club, ziliandaliwa kwa msikilizaji wa Ulaya. Zina usafi na nafasi ya ala ambayo mnunuzi wa kaseti wa Mombasa, aliyetaka maneno ya fumbo yasikike vizuri amjibu jirani yake, asingeona haja ya kuilipia. Hali kadhalika albamu ya Chungu ya Rajab Suleiman na kundi lake la Kithara, ya mwaka 2013: humo mpiga kanuni ndiye mwenye jina kwenye jalada, jambo ambalo zama za santuri zisingelikubali, kwani aliyeuza santuri alikuwa mwimbaji.

Faili lisilo na jina

Santuri ilikuwa na karatasi katikati: jina la mwimbaji, jina la wimbo, namba. Kaseti ilikuwa na mwandiko wa kalamu. Nyimbo zikiingizwa kwenye kadi ya simu kibandani, mara nyingi kinachoonekana ni neno Track na namba, au jina la aliyeziweka mtandaoni. Siti, Bi Kidude na mwimbaji wa klabu aliyerudia wimbo huohuo miaka 60 baadaye hukaa kwenye folda moja, na mtu huweza kuamini kwa miaka kwamba ni mtu mmoja.

Tatizo hili lilishaonekana zamani. Mwaka 1902, Gauhar Jaan aliporekodi Calcutta, alimaliza wimbo kwa kutamka jina lake kwa sauti. Nta zilisafirishwa hadi Ujerumani kutengenezewa santuri, na mafundi wa huko, wasiojua lugha aliyoimba, walihitaji kujua ni nani huyo. Jina lilikuwa ndani ya sauti, na halikuweza kubanduka.

Baadhi ya rekodi za pwani zimerudishiwa majina yao. Mwaka 2007 kampuni ya Topic ya Uingereza ilitoa mkusanyiko wa muziki wa Waswahili wa Tanzania na Kenya kuanzia miaka ya 1920 hadi 1950, kila wimbo ukiwa na jina la msanii wake. Kanda za iliyokuwa Radio Tanzania Dar es Salaam ziko chini ya TBC. Kwa faili lililoko simuni, kazi ni ndogo zaidi: karibu kila programu ya kuhariri muziki ina nafasi ya kuandika jina la msanii, wimbo na mwaka ndani ya faili lenyewe, na maandishi hayo husafiri pamoja nalo linapotumwa moja kwa moja kutoka simu hadi simu. Pasipo na karatasi ya kunakili, wazee waliokaa na santuri huweza kumtaja mwimbaji kwa pumzi ya ubeti wa kwanza, mradi faili lisiwe limenakiliwa kwa betri zilizochoka.